KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) darasa la kwanza: jinsi ya kumsikia kila mtoto katika darasa la watoto themanini

Ingia darasa la kwanza lolote mwezi wa tatu, usikilize watoto wakiimba "ba, be, bi, bo, bu". Kiranja ameshika kijiti, anagusa ubao, darasa zima linaitikia kwa nguvu mpaka barabarani wanasikia. Sasa futa ubao wote. Andika "bo" peke yake, umwite mtoto wa dawati la nyuma. Mara nyingi atanong'ona "ba, be, bi…" huku akikunja vidole mpaka aifikie. Mwingine atabahatisha "bu". Mwingine atakutazama tu. Watoto hawa wameshika wimbo, silabi hawazijui, na bila kufuta ubao usingegundua.

Tangu elimu bila ada ilipoanza Tanzania Januari 2016, madarasa ya kwanza ya shule nyingi za serikali yamejaa, na kuitikia kwa pamoja kumekuwa kimbilio la walimu wengi. Ni rahisi, kunachangamsha, na kunawapa ujasiri watoto waoga. Ubaya wake ni kwamba sauti ya themanini humfunika mmoja asiyejua, na huyo mmoja anaweza kufika darasa la nne bado amefunikwa. Kwa hiyo kila hatua katika mwongozo huu, iwe ya kusoma, kuandika au kuhesabu, ina sharti moja: mtoto asikike peke yake, au alichofanya kionekane, kabla ya kuanza jambo jipya.

Wiki mbili za kwanza usifundishe herufi

Watoto wanaoanza darasa la kwanza hawalingani. Wapo waliopitia awali na wanaandika majina yao. Wapo ambao hawajawahi kushika penseli. Tumia siku kumi za kwanza kuwapima. Watoto wanane kwa siku, dakika mbili kila mmoja, na kwa siku kumi umewamaliza themanini. Wakati unampima mmoja, wengine wachore au wapange vizibo vya soda kwa rangi.

Andaa kadi moja tu ya upimaji, yenye irabu tano zilizovurugwa (o, a, u, i, e), silabi tano zisizofuatana (ma, ko, ti, lu, se) na maneno matatu mafupi (mama, kiti, lala). Ongeza kazi mbili: mtoto ahesabu vizibo saba kwa kuvigusa kimoja kimoja, kisha aandike jina lake. Katika daftari lako chora safu moja kwa kila kazi, uandike 0 akiwa hawezi kabisa, 1 akiweza kwa kusita, 2 akiweza. Usimrekebishe wakati wa kupima. Ukishaanza kumfundisha, unapoteza kipimo na unapoteza muda.

Daftari hilo ndilo azimio lako halisi la kazi. Litunze kama unavyotunza kitabu cha mahudhurio.

Sauti, silabi, neno

Kosa la kwanza hutokea kwenye majina ya herufi. Mtoto aliyefundishwa kwamba k inaitwa "ke" na u inaitwa "u" ataliona neno "kuku" na kusoma "ke-u-ke-u". Hajakosea, amesoma alichofundishwa. Fundisha sauti ya herufi kwanza, majina yaje baadaye watakapoanza kupanga maneno kialfabeti. Sauti kama m, s, l, n na f zinavutika: "mmmm-a, ma". Sauti kama k, t, b na p hazivutiki, na mwalimu akijaribu kuzivuta hutoa "keee" na kurudi palepale kwenye jina. Hizo zitamke fupi sana kisha uziunganishe na irabu papo hapo: "ka".

Kiswahili kimetubariki katika jambo hili. Irabu ni tano tu, kila moja ina sauti ileile popote inapokaa, na silabi nyingi ni konsonanti ikifuatwa na irabu. Mtoto anayeziweza irabu na konsonanti nne tayari anaweza kusoma maneno mengi ya kweli. Sharti ni kuchagua vizuri zile nne.

Irabu zipewe wiki mbili. Usizifundishe zote tano siku moja. Anza na a, i na u, ambazo masikio huzitofautisha kwa urahisi, kisha o, na mwisho e, kwa sababu watoto wengi huchanganya e na i. Hata kabla ya konsonanti yoyote, mtoto anaweza kusoma maneno "ua", "oa" na "au". Msomeshe. Siku anapogundua kwamba amesoma neno lenye maana, kazi yako inakuwa nyepesi.

Konsonanti zifuate mpangilio huu, moja kwa wiki:

m, k, t, l, kisha wiki ya marudio
n, b, s, w, kisha wiki ya marudio
j, h, d, f, kisha wiki ya marudio
y, g, p, z, kisha wiki ya marudio
r, v

Mpangilio huu una sababu. Herufi zinazofanana kwa umbo au kwa sauti zimewekwa mbali: kati ya b na d kuna wiki sita, l na r zimetengana, vilevile s na z, f na v. Ukifundisha b na d wiki moja, mtoto hana hata moja aliyoishika imara ya kulinganisha na nyingine, na mkanganyiko huo unaweza kudumu mwaka mzima. Zile nne za kwanza zimechaguliwa kwa sababu zinazaa maneno. Ukiwa na m pekee unapata mama, mimi, uma, mia, maua. Ongeza k: kaka, kuku, kioo, kama. Ongeza t: taa, tatu, moto, kiti, katika. Ongeza l: lala, lima, ulimi, kelele, kilima.

Piga hesabu ya muda. Siku 194 za masomo kwa mwaka ni kama wiki 38. Upimaji wiki mbili, irabu wiki mbili, konsonanti kumi na nane wiki kumi na nane, marudio wiki nne: jumla 26. Zinabaki wiki kumi na mbili za ch, sh, ny, mb, nd, ng na jamaa zao. Kwa hiyo huhitaji kukimbia. Mwalimu anayemaliza silabi zote kabla ya likizo ya mwezi wa sita kwa kawaida amemaliza kwenye andalio la somo, na nusu ya watoto amewaacha njiani.

Katika wiki ya marudio usilete herufi mpya hata moja, hata kama wepesi wanakuomba. Wiki hiyo ni ya mtoto aliyelazwa kwa malaria na ya yule aliyekuwa shambani na mama yake kipindi cha palizi. Wepesi wape maneno marefu zaidi ya herufi zilezile.

Kipindi kimoja cha dakika 30

Mfano wa wiki ya herufi t:

1. Dakika 4, masikio tu. Ubao hauna kitu. Taja maneno: taa, kuku, tatu, mama, tai. Mtoto anyanyue mkono anaposikia neno linaloanza na sauti t. Asiyesikia sauti hataweza kuisoma, hivyo usiiruke hatua hii kwa sababu inaonekana kama mchezo.

2. Dakika 4, onyesha herufi. Iandike kubwa ubaoni, urefu wa sentimita 8 angalau, la sivyo wa nyuma wanaona vumbi la chaki. Watoto waitamke, waichore hewani, waichore mgongoni mwa mwenzao.

3. Dakika 6, jenga silabi. Weka kadi ya t, zipitishe kadi za irabu mbele yake bila kufuata mpangilio: to, ti, ta, tu, te. Badilisha mpangilio kila mara. Hapa ndipo wimbo unapovunjwa.

4. Dakika 5, soma maneno. Matano au sita, yote yaundwe na herufi zilizokwisha kufundishwa. Usiweke "tembo" katika wiki ya t. Mb haijafundishwa, na mtoto atajifunza kubahatisha kwa kutazama picha.

5. Dakika 8, andika. Silabi mbili na neno moja kwa kuangalia, kisha neno moja kwa imla.

6. Dakika 3, kagua kwa vidole.

Hatua ya sita inahitaji maelezo, kwa kuwa ndiyo inayookoa darasa kubwa. Andika ubaoni silabi nne zenye namba: 1 ta, 2 to, 3 ka, 4 ko. Tamka "to". Watoto wafumbe macho, waweke kidole kimoja, viwili, vitatu au vinne kifuani. Kifuani, kwa sababu mkono ukiinuliwa juu jirani atauiga. Macho yafumbwe kwa sababu hiyohiyo. Kwa sekunde kumi umeona themanini. Wakionyesha vidole vinne, wamesikia konsonanti vibaya. Wakionyesha kimoja, tatizo ni irabu. Chagua majibu yasiyo sahihi kwa makusudi, ili kila kosa likueleze chanzo chake. Fanya mara tano, uandike majina ya waliokosea mara tatu au zaidi.

Kando ya hilo, kila siku wasikilize watoto kumi na sita wakisoma mmoja mmoja, nusu dakika kila mmoja, wakati wengine wanaandika. Kumi na sita mara siku tano ni themanini. Zunguka wewe hadi kwenye dawati, usimwite mtoto mbele. Mtoto mwoga akisimamishwa mbele ya darasa hunyamaza hata anachokijua, na ukishika fimbo unaongeza woga tu. Hutapata kipimo cha kusoma.

Kadi ndio zana utakazotumia kila siku, hivyo zitengeneze vizuri mara moja. Za mwalimu: kata karatasi ya manila vipande vya sentimita 20 kwa 15, irabu kwa wino mwekundu, konsonanti kwa mweusi. Za vikundi: sentimita 7 kwa 5, zinazoweza kukatwa kwenye maboksi ya sabuni au biskuti. Kila kikundi cha watoto watano kipate seti yake kwenye bahasha. Seti zisipokuwa na alama ya kikundi nyuma, mwisho wa wiki ya pili herufi a zote zitakuwa kwenye bahasha moja.

Pale Kiswahili kinapokuwa kigumu

Sehemu ngumu huanza na silabi zenye konsonanti zaidi ya moja. M ya "mtu" ni silabi yenyewe: m-tu, makofi mawili. M ya "mbuzi" haisimami peke yake: mbu-zi, makofi mawili pia. Watoto wakipiga makofi matatu kwenye mbuzi, wamefundishwa kwamba kila m mwanzoni inajitegemea. Waache wapige makofi kabla ya kuona maandishi, kwa kuwa masikio yao yanajua kile ambacho macho hayaoni. Mfano mzuri kwa darasa la pili ni "mbuni": ndege ni mbu-ni, mti wa kahawa ni m-bu-ni. Maandishi ni yaleyale, makofi yanatofautiana.

Ng na ng' zipewe wiki mbili tofauti, ng kwanza (ngoma, ngazi, tanga), kisha ng' (ng'ombe, ng'oa, ng'aa). Alama ya juu isiitwe pambo. Mwambie mtoto kwamba bila alama ile "ng'ombe" inasomeka kwa sauti ya "ngoma". Wengi huisahau katika imla kwa sababu hawajawahi kuelezwa kazi yake.

Kuhusu l na r, subira inahitajika. Watoto wengi wanatoka kwenye lugha za nyumbani zisizotenganisha sauti hizi mbili. Mtoto anayesoma "karamu" kwa sauti ya "kalamu" lakini anaelewa ni sherehe, amesoma. Ana tatizo la matamshi, na hilo lina dawa yake: jozi za maneno kama kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari, dakika tatu kila siku kwa picha au kwa kitendo. Usimpe sifuri ya kusoma kwa kosa la ulimi. Hukumu hiyohiyo itumike kwa th inayotamkwa s na dh inayotamkwa z.

Mtoto akishaunganisha silabi, usikomee hapo. Anayetumia sekunde nne kwa kila neno husahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika mwisho, ndiyo maana anasoma kifungu chote na kushindwa kujibu swali moja la ufahamu. Dawa ni kusoma kifungu kilekile mara tatu au nne kwa siku mbili: mara ya kwanza kwa kuchechemea, mara ya mwisho kama anavyoongea. Kisha uliza swali ambalo jibu lake halijaandikwa waziwazi: "Kwa nini Neema alirudi nyumbani mbio?"

Kuandika

Kabla ya penseli, mchanga. Chukua mfuniko wa boksi, mwaga mchanga mkavu kina cha sentimita moja, mtoto achore kwa kidole. Kosa hufutika kwa kutikisa, na mtoto asiyeogopa kukosea hujaribu mara nyingi zaidi. Siku tatu za mistari ya kusimama, ya kulala, ya mshazari na miduara inayozunguka kuelekea kushoto zinatosha.

Fundisha herufi kwa familia za mwendo. Zinazoanza kama mduara wa kushoto: a, o, d, g. Zinazoanza kwa mstari wa kushuka: i, l, t, u, j. Zinazoshuka, zikapanda na kujikunja: n, m, h, r, b, p. Mtoto anayeandika b kama d hajawa mzembe. Kwake kikombe ni kikombe, mkono wake uwe kulia au kushoto, na hii ni mara ya kwanza maishani anaambiwa kwamba upande unabadilisha kitu. Kumwandikisha mistari hamsini ya b hakusaidii kama anaanzia mahali pasipo sahihi. Mfundishe mwendo: b huanza na fimbo kwenda chini, d huanza na mduara. Mikono ikizoea miendo miwili tofauti, herufi hazigeuki tena.

Kunakili kutoka ubaoni kumezidi sana katika madarasa yetu. Mtoto anaweza kunakili ukurasa mzima kwa mwandiko safi bila kusoma neno hata moja, anachora tu. Jaribu: funika ubao, mwambie asome alichoandika. Kwa hiyo kila siku iwe na imla, hata ya maneno matatu tu, na kila Ijumaa sentensi mbili za kutunga mwenyewe kuhusu picha au kitu kilichopo darasani.

Katika sentensi utaona kosa moja la Kiswahili ambalo hata watu wazima wanalo: "ana soma", "wame kuja", "nita kwenda". Mtoto anasikia vipande na kuviandika kando kando. Tengeneza kadi ndefu ya "soma" na kadi fupi za "ana", "wame", "nita", uzigundishe kwenye "soma" kwa gundi mbele yao, uwaambie limekuwa neno moja. Nafasi ya upana wa kidole chake iachwe baada ya neno zima tu.

Daftari themanini kila siku hazisahihishiki, na mwalimu anayejaribu huishia kuweka vema tupu. Sahihisha kumi na sita kwa uangalifu, za watoto walewale uliowasikiliza wakisoma siku hiyo. Kwa imla, andika majibu ubaoni, mtoto ajisahihishe kwa penseli ya rangi nyingine. Wewe pita ukiangalia ile rangi.

Kuhesabu

Kila mtoto awe na vizibo ishirini kwenye mfuko wa kitambaa na vijiti thelathini. Maharage yanafaa pia, ila huoza na huliwa na panya. Mtoto anayehesabu "moja, mbili, tatu" haraka kuliko kidole kinavyogusa anaimba, kama yule wa ba-be-bi. Mpe vizibo, mwambie avisogeze kimoja kimoja kutoka kushoto kwenda kulia, kilichohesabiwa kinahama.

Majina ya namba za Kiswahili yana msaada na yana mtego. "Kumi na moja, kumi na mbili" yanajieleza yenyewe: ni kumi, na moja. Mtego uko kwenye makumi. Sitini inafanana na sita, sabini na saba, tisini na tisa. Lakini ishirini haifanani na mbili, thelathini na tatu mbali mbali, na themanini haina undugu wowote na nane masikioni mwa mtoto. Hawezi kukisia kwamba themanini ni makumi manane, lazima aione. Mwache aunganishe vijiti vyake na vya wenzake wawili, avifunge kumi kumi kwa ukindu au uzi wa mkonge, apange mafungu manane, asome kwa namna mbili: "makumi manane, themanini". Fanya hivyo kwa ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini kila siku kwa wiki mbili. Zilizobaki zitafuata zenyewe.

Neno "na" lina mtego wake. Mtoto husikia "ishirini na tatu" akaandika 203, kwa maana ishirini ni 20 na tatu ni 3. Ameandika kila alichosikia. Kumwambia "acha sifuri" kunamchanganya zaidi. Tengeneza kadi za kupandanisha: za makumi (10, 20, 30 hadi 90) zenye upana wa sentimita 12, za mamoja (1 hadi 9) zenye upana wa sentimita 6, urefu uleule. Akiweka kadi ya 3 juu ya sifuri ya 20, anaona 23, na akiiinua anaona sifuri bado ipo chini. Kadi za mamia ziwe za sentimita 18, zitatibu 1005 inayoandikwa kwa "mia moja na tano".

Katika kujumlisha, angalia watoto wanaopungukiwa na moja. Kwa 8 + 5 wanajibu 12, kwa sababu wanahesabu "nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili", vidole vitano vimeisha. Nane imehesabiwa mara mbili. Mfundishe kufumba ngumi: "nane iko ngumini", kisha kidole cha kwanza kinachofunguka kiitwe tisa. Katika kutoa, kosa kubwa ni 42 − 17 = 35: ametoa 2 kwenye 7 kwa kuwa aliambiwa "toa ndogo kwenye kubwa". Kauli hiyo isisikike darasani kwako. Apange vijiti vyake na vya mwenzake: mafungu manne na vijiti viwili. Vijiti saba havipatikani kwenye viwili, kwa hiyo fungu moja lifunguliwe. Sasa ana mafungu matatu na vijiti kumi na viwili. Afungue kwa mikono yake mara ishirini kabla hujamwonyesha namna ya kuandika kukopa.

Alama ya = nayo ifundishwe mapema kwamba inasomwa "ni sawa na". Mtoto anayeona tu maswali ya 8 + 4 = ? hudhani maana yake ni "andika jibu". Mpe 12 = 8 + 4, mpe 8 + 4 = ? + 5. Akiandika 12 mahali pa alama ya kuuliza, umegundua tatizo.

Mafumbo ya hesabu huangusha hata wanaosoma vizuri. "Asha ana maembe 5, Juma ana 8. Juma amemzidi Asha kwa maembe mangapi?" Wengi hujibu 13, kwa kuwa neno "zidi" linawapeleka kwenye kuongeza, wakifika darasa la pili, wengine hulipeleka kwenye kuzidisha. Usiwafundishe kuwinda neno la ishara. Wapange vizibo mistari miwili, cha Asha mbele ya cha Juma, kimoja kwa kimoja. Vizibo visivyo na mwenzake ndivyo vinavyoulizwa.

Walio nyuma

Kila wiki ya marudio, fungua daftari la upimaji na ugawe darasa kwa kile ambacho kila mtoto hakijui: wa irabu, wa silabi, wa maneno. Dakika ishirini kwa siku, kisha wote wachanganyike tena. Vikundi vivunjwe na kuundwa upya kila wiki ya marudio. Kikundi kisichovunjwa hugeuka kuwa jina, na mtoto huliamini jina hilo. Majina kama "wazito" yasitamkwe hata ofisini, yanafika darasani.

Wepesi wanaweza kusaidia, ila wafundishwe namna. Msaidizi anayetaja jibu hajasaidia. Mpe maneno mawili tu ya kusema: "Silabi ya kwanza ni ipi?" na "Unganisha." Asishike kijiti. Naye asisaidie kila siku, kwa kuwa yeye pia amekuja kujifunza.

Mtoto asiyepata hata irabu baada ya wiki nane apimwe macho na masikio kabla ya kitu kingine. Simama nyuma yake hatua tatu, umnong'oneze aguse pua. Mwonyeshe herufi ya ubaoni akiwa nyuma, kisha akiwa mbele. Ikionekana kuna tofauti, mhamishie dawati la mbele siku hiyohiyo na uzungumze na mzazi ampeleke zahanati.

Mwezi wa kumi na moja rudia ile kadi ya upimaji ya Januari, ukiongeza sentensi mbili, imla ya maneno matano na hesabu nne za vijiti. Andika matokeo kwenye safu iliyo kando ya ile ya Januari, kisha umkabidhi mwalimu wa darasa la pili daftari lenyewe mkononi. Weka alama kwenye majina ambayo bado yana 0 au 1, na uandike pembeni herufi gani hasa hawajazijua, ili Januari asianze tena na ba, be, bi.